Mzee analalamika magoti kila siku? Huenda ni sonona pia

Juni na Julai, baridi ya Mlima Meru ikishuka hadi Ngaramtoni, Tengeru na Usa River, malalamiko ya wazee huwa yale yale: magoti, mgongo, usingizi wa kukatika-katika, chakula hakina ladha. Nyumbani wanaambiwa ni uzee. Duka la dawa wanapewa diklofenaki. Ni nadra mtu kuuliza kama babu au bibi ana sonona, ugonjwa ambao kwa watu wa umri huu hujificha kwenye maumivu ya mwili kuliko kwenye machozi.

Maumivu hayo na sonona vinaweza kuwa na mzizi mmoja: uvimbe sugu wa ndani ya mwili.

Ukijikata kidole, kinavimba na kupata joto kwa siku chache. Hiyo ni kinga ya mwili ikifanya kazi yake. Shida ni pale moto huo usipozimika, ukabaki unafuka mwilini kwa miaka bila dalili ya wazi. Umri ukisogea hali hii huongezeka hata kwa mtu asiye na maambukizi yoyote. Mtafiti wa Italia, Claudio Franceschi, na wenzake waliieleza mwaka 2000. Kisukari, kitambi, sigara, moshi wa kuni jikoni, fizi zinazooza na baridi yabisi huchochea zaidi.

Kemikali ambazo kinga hutoa hupeleka taarifa hadi kwenye ubongo. Aliyewahi kuugua malaria anajua inavyokuwa: hutaki kula, hutaki maongezi, unataka kulala tu. Sasa fikiria hali hiyo, kwa kiwango cha chini, idumu miezi. Kemikali hizo pia hupunguza malighafi ambayo ubongo huitumia kutengeneza serotonini, inayosaidia kuweka sawa hisia na usingizi.

Ushahidi mzito ulitoka kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa intaferoni, dawa inayoamsha kinga. Wengi wao walipata sonona wakiwa katikati ya matibabu.

Lakini si kila sonona inatokana na uvimbe. Mwaka 2013 yalichapishwa majaribio ya Marekani kwa wagonjwa 60 ambao dawa za kawaida za sonona hazikuwasaidia. Walipewa infliksimabu, dawa ya kuzima uvimbe, au dawa bandia. Kwa ujumla hakukuwa na tofauti. Waliofaidika walikuwa wale ambao damu yao ilionyesha uvimbe mkubwa tangu mwanzo. Njia nayo ina pande mbili: mwenye sonona hatembei, hali vizuri, anasahau dawa za presha, na uvimbe unazidi.

Kuzunguka Meru kuna jambo la kuongeza. Vyanzo vingi vya maji vina floraidi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watu wanaijua kwa meno ya kahawia, ila ikizidi sana kwa miaka mingi hukakamaza mifupa na viungo, na ni rahisi kudhaniwa ni yabisi. Maumivu ya namna hiyo, yasiyoisha, peke yake yanatosha kumwangusha mtu moyo.

Diklofenaki ya kila siku si jibu. Haijathibitishwa kutibu sonona, na kwa mzee inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo. Akianzishiwa fluoksetini, daktari aambiwe kama anatumia diklofenaki, maana zikikutana hatari ya kuvuja damu tumboni huongezeka.

Kipimo cha damu cha uvimbe hakionyeshi sonona. Kinachoonyesha ni maswali: je, kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, amekosa raha au hamu ya vitu alivyovipenda? Ameacha ibada, soko, kahawa na wenzake? Kama ndiyo, aanzie zahanati au kituo cha afya; rufaa ya mkoa ni Hospitali ya Mount Meru. Akisema amechoka kuishi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaanza kuhesabu uzee kwenye miaka 60, na matibabu bila malipo ni kwa wazee wasio na uwezo. Uliza dirisha la wazee.