Newala: Juu Kuna Upepo, Maji Yako Chini

Wana-Newala wenzangu mlioko Dar es Salaam, Mtwara mjini na kwingineko,

Mgeni akifika kwetu hupelekwa kwanza Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Hapo ardhi inakatika ghafla, na macho yanashuka hadi bonde la Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo yake. Mgeni hupiga picha, husifu upepo. Wazee wetu waliutazama mteremko huohuo kwa jicho jingine: maji yako chini, sisi tuko juu.

Sehemu za juu za uwanda huu zinakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Mvua inanyesha, lakini udongo wa kichanga unaimeza, nayo hutokea tena kama chemchemi huko chini mabondeni. Kwa nini basi watu walipanda? Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika simulizi ya asili ya Wamakonde: mtu wa kwanza na mkewe walipokaa mabondeni karibu na maji, watoto walizaliwa wafu, waliporudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta, mtoto akaishi. Mimi nasoma humo habari za malaria, na za vita pia. Mwaka 1882, baada ya Wangoni kuivamia misheni ya Masasi, Chauncy Maples wa UMCA alihamia Newala kwa Matola.

Mlima ulilinda, lakini ulidai. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakaliteka boma la Newala. Wajerumani wakawazingira na kukishika chanzo chao cha maji. Kabla Novemba haijaisha, Wareno walitoroka usiku, wakarudi ng'ambo.

Mama zetu hawakuwa na pa kutorokea. Mimi ni mhasibu, mniruhusu hesabu ndogo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Nyumba inayotumia ndoo nne kwa siku inapandisha kilo 80, yaani kilo 29,200 kwa mwaka, kichwani. Sijaona daftari lililowahi kuandika gharama hiyo.

Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, maji yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Miaka ya 1970 Finland ikaja kusaidia mikoa ya Mtwara na Lindi. Tangu hapo deni la mteremko limehamia kwenye dizeli na umeme. Pampu ikisimama, ndoo zinarudi kichwani, au zinanunuliwa kwa bei ya mwenye baiskeli.

Ndiyo maana mwaka huu tunachangia matangi ya mvua kwenye shule zetu. Paa la mita za mraba 200 likipata milimita 10 tu za mvua, ni lita 2,000. Hata moja ya tano ikimwagika, zinabaki ndoo 80 ambazo hakuna mtoto aliyezifuata bondeni. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho, na kila mchango utakatiwa risiti.