Kadi ya Mtoto, Kopo la Mzee: Historia ya Virutubisho na Chanjo ya Homa ya Mafua kwa Mtazamo wa Masafu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya dai kwamba virutubisho vya nyongeza humwezesha mzee kujenga kinga bora baada ya kuchanjwa dhidi ya homa ya mafua. Dai hilo linafuatiliwa kuanzia utafiti wa lishe wa enzi ya ukoloni Afrika Mashariki, kupitia Mvumi nchini Tanzania, hadi Kanada, kisha linapimwa kwa hali ya wazee wa Masafu. Hoja kuu ni kwamba historia ya lishe na chanjo ilimpa mtoto kadi, ikamwachia mzee soko.

1. Utangulizi

Masafu imo katika Wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda, eneo ambalo hadi mwaka 1997 lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo. Mpaka ulio jirani nayo ni mchanga kuliko koo zinazoishi pande zake mbili. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda ya wakati huo na kuuingiza katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya; Wasamia wakajikuta katika nchi mbili. Chakula chao hakikugawanyika. Ugali wa wimbi, mtama na muhogo uliendelea kuliwa kote, pamoja na mboga za majani na dagaa wa ziwani, ambao Uganda huitwa mukene na Kenya huitwa omena.

Leo mtoto anayepelekwa kliniki upande wowote wa mpaka huandikiwa kadi, huchanjwa na hupewa matone ya vitamini A. Bibi aliyembeba hana kadi. Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya wazee, si Uganda wala Kenya, ilhali Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa wazee. Badala ya chanjo, mzee hukutana na makopo na chupa zinazonadiwa sokoni kuwa zinaongeza kinga. Je, tofauti hii ilitoka wapi?

2. Lishe ya nani?

Utafiti wa lishe Afrika Mashariki ulianza kwa kuwatazama watu ambao serikali iliwahitaji. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks, aliyeongoza idara ya tiba nchini Kenya, walichapisha ulinganisho wa afya ya Wamasai na Wakikuyu. Swali la nguvu kazi halikuwa mbali na utafiti huo. Baadaye macho yalielekezwa kwa mtoto. Hospitalini Mulago, Hugh Trowell na wenzake waliuchunguza utapiamlo wa kwashiakoo, na mwaka 1965 kikaanzishwa kituo cha Mwanamugimu cha kuwafundisha akina mama namna ya kuwalisha watoto kwa vyakula vya nyumbani. Mpango wa chanjo wa Kenya ulianza mwaka 1980, na ule wa Uganda mwaka 1983. Yote mawili ilihusu watoto na akina mama.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu, kwani surua na kwashiakoo viliwaua watoto kwa wingi. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mzee hakuingia katika daftari lolote. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

3. Mvumi: kirutubisho kinapoziba pengo

Ushahidi kwamba lishe na kinga ni ndugu haukutoka nje tu. Mwaka 1987 Barclay, Foster na Sommer walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida walifariki 12; kati ya 88 walioongezewa vitamini A walifariki 6. Idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kukata shauri peke yake, lakini jaribio la Cape Town lililochapishwa mwaka 1990 liliunga mkono mwelekeo huo.

Ni muhimu kusoma vizuri kilichotokea Mvumi. Wengi wa watoto wale walikuwa na upungufu wa vitamini A, na surua yenyewe huimaliza akiba iliyobaki. Kirutubisho kilifaa kwa sababu kiliziba pengo lililojulikana. Jaribio hilo halikuthibitisha kwamba kila vitamini humfaa kila mtu.

4. Newfoundland: ahadi iliyoporomoka

Kwa wazee, ahadi kubwa ilitoka Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, Kanada. Mwaka 1985 Ranjit Kumar Chandra na mwenzake walitangaza kwamba msaada wa lishe uliboresha mwitikio wa wazee kwa chanjo ya homa ya mafua. Mwaka 1992, katika jarida la Lancet, Chandra aliripoti kuhusu wazee 96 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja: waliopewa mchanganyiko wa vitamini na madini waliugua maambukizi kwa siku chache zaidi na kuitikia chanjo vizuri zaidi. Kazi hiyo ilinukuliwa sana.

Kisha maswali yakaanza kuhusu takwimu zake. Mwaka 2005 jarida la Nutrition liliiondoa makala yake ya mwaka 2001. Mwaka 2015 kesi yake ya kashfa dhidi ya shirika la utangazaji la Kanada ilishindwa mahakamani, na mwaka 2016 Lancet ikaiondoa makala ya 1992. Kati ya kuchapishwa na kuondolewa ilipita miaka 24, muda wa kutosha kwa dai kusafiri kutoka jaridani hadi kwenye lebo ya kopo.

Majaribio ya wengine yalileta matokeo ya kiasi. Nchini Ufaransa, mwaka 1999, wazee 725 wa makao ya kulelea walishiriki jaribio ambamo zinki na seleniamu viliboresha mwitikio wa chanjo ya homa ya mafua. Huko Aberdeen, Uskoti, mji ambako Orr aliyetajwa hapo juu aliongoza taasisi ya lishe, jaribio la mwaka 2005 kwa watu 910 wa miaka 65 na zaidi halikuonyesha kwamba vidonge vya vitamini na madini vilipunguza maambukizi.

Njia iliyozaa matunda zaidi ilikuwa kuirekebisha chanjo yenyewe. Mwili unapozeeka, kinga nayo huzeeka, hivyo dozi ya kawaida huamsha askari wachache. Mwishoni mwa mwaka 2009 Marekani iliidhinisha chanjo ya wazee yenye viambato mara nne ya kawaida, na jaribio lililochapishwa mwaka 2014 likaonyesha kwamba iliwakinga wazee kuliko ile ya kawaida.

5. Lugha na mfuko wa mzee

Kiswahili kina sehemu yake katika jambo hili. Chanjo imetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo. Neno hilo huonyesha kitendo na anayekitenda. Dawa, kwa upande wake, hubeba kila kitu, tangu kidonge cha malaria hadi unga wa kopo. Muuzaji anaposema "dawa ya kuongeza kinga", hana haja ya kusema uongo. Upana wa neno humtosha.

Gharama nayo haiko sawa kwa wote. Uganda humpa mzee anayestahiki shilingi 25,000 kwa mwezi, na mpango ulipoenezwa nchi nzima umri uliowekwa ulikuwa miaka 80. Kenya, tangu mwaka 2018, ilipanga shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Pesa hiyo ikiishia kwenye kopo, dagaa na maharagwe hubaki sokoni.

6. Hitimisho

Historia hii inatupa mpangilio wa mambo. Kwanza mzee aandikwe: awe na kadi, na chanjo ya homa ya mafua ijadiliwe kwa ajili yake kama zinavyojadiliwa za mjukuu wake. Pili, apate chakula cha kutosha, na upungufu unaopimika uzibwe, kama ulivyozibwa Mvumi. Kopo lije mwisho, tena kwa ushahidi. Wanataaluma wa Kiswahili wana kazi yao hapa: kuhakikisha kwamba virutubisho, chanjo na dawa vinatofautishwa kwa lugha ambayo mzee wa Masafu na jamaa yake wa ng'ambo ya mpaka wataielewa kabla ya kufungua mfuko.