Kati ya -NGE- na -NGALI-: Upangaji wa Daraja za Vipindi katika Mfululizo wa What If...?

Utangulizi

Upangaji wa kazi za sanaa kwa daraja ni shughuli ambayo wahakiki wengi huidharau hadharani na kuifanya faraghani. Kila anayeteua matini za kufundishia, na kila anayeamua ni shairi lipi liingie katika diwani na lipi liachwe, huwa amekwisha kupanga daraja hata kama hakuvitaja vigezo vyake. Tatizo basi si upangaji wenyewe bali ni ukimya unaovizunguka vigezo. Makala haya yanadhamiria kuuvunja ukimya huo kwa kuuchunguza mfululizo wa filamu za vibonzo wa Kimarekani uitwao What If...?, uliotolewa na Marvel Studios kupitia huduma ya Disney+ kati ya mwaka 2021 na 2024. Mfululizo huu una vipindi 26 katika misimu mitatu: 9 katika msimu wa kwanza, 9 katika wa pili na 8 katika wa tatu. Aghalabu, kipindi huchukua kisa cha jagina ambacho watazamaji wamekwisha kukijua kutokana na filamu zilizotangulia, kikageuza tukio moja, kisha kikauliza: ingekuwaje?

Swali hilo lina utata ambao Kiswahili kinauweka wazi kuliko lugha nyingi. Sarufi mapokeo hutofautisha kiambishi -nge-, kinachoashiria sharti ambalo bado lingeweza kutimia, na -ngali-, kinachoashiria sharti ambalo wakati wake umepita na halitimii tena. "Angekuja ningempa" huuacha mlango wazi. "Angalikuja ningalimpa" huufunga: hakuja, wala hakupewa. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku viambishi hivi huchanganywa, lakini tofauti yake ya kimapokeo inampa mhakiki kipimo madhubuti. Hoja ya makala haya ni kwamba vipindi bora vya What If...? ni vile vinavyothubutu kubaki katika -ngali-, yaani vile ambavyo maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba mfululizo wenyewe ulidhoofika kila uliporejea kwa siri katika -nge-.

Chimbuko la Utanzu

Kigezo hiki hakikubuniwa nje ya historia ya utanzu unaohusika. Vitabu vya katuni vya majagina nchini Marekani vilikabiliwa tangu awali na kikwazo cha kibiashara: shujaa anayeuzwa kila mwezi hawezi kufa, kuzeeka wala kubadilika kikwelikweli. Katika miaka ya 1960 wachapishaji wa Superman walikikwepa kikwazo hicho kwa kutoa visa walivyovitangaza kuwa ni vya kubuni tu, visivyoathiri mtiririko mkuu. Maarufu zaidi ni kisa cha kifo cha Superman kilichotungwa na Jerry Siegel na kuchapishwa mwaka 1961. Humo Lex Luthor anajifanya ameongoka, anaaminiwa, kisha anamuua Superman. La kuzingatiwa ni kwamba Superman hafufuki. Muuaji anahukumiwa, waombolezaji wanapita mbele ya maiti, na kisa kinakoma hapo. Kisa kilichotangazwa kuwa si cha kweli ndicho kilichoruhusiwa kusema ukweli kuhusu mauti.

Marvel iliufanya ubunifu huu kuwa jarida kamili. Toleo la kwanza la What If? lilitoka mwaka 1977, likiandikwa na Roy Thomas, na lilichunguza jinsi mambo yangalikuwa lau Spider-Man angalijiunga na kundi la Fantastic Four. Jarida hilo liliendelea kwa matoleo 47 hadi mwaka 1984, kisha likafufuliwa kati ya 1989 na 1998. Msimulizi wake alikuwa Uatu, Mtazamaji aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963. Kiumbe huyu huona kila kitu lakini amekula kiapo cha kutoingilia kati, kwa sababu watu wake waliwahi kuwapa wakazi wa sayari nyingine maarifa ambayo waliishia kuyatumia kuangamizana.

Hata hivyo, mpaka kati ya -nge- na -ngali- haukuwa imara siku zote. Toleo moja la mwaka 1978 liliwazia Jane Foster akiiokota nyundo ya Thor. Mwaka 2014 wazo hilo liliingizwa katika mtiririko mkuu, na Jane akawa Thor. Lililosawiriwa kama lisilowezekana likageuka akiba ya mali ya kutumiwa baadaye. Mvutano huu baina ya kufunga mlango na kuuacha wazi kwa ajili ya biashara ndio urithi ambao mfululizo wa vibonzo uliupokea.

Msimulizi na Kiapo Chake

Katika mfululizo huu, uliobuniwa na A. C. Bradley na kuongozwa na Bryan Andrews, sauti ya Mtazamaji ni ya Jeffrey Wright. Kifani, Mtazamaji ni msimulizi maizi: anajua yaliyopita, yajayo na yaliyomo nyoyoni. Kinachomtofautisha na wasimulizi maizi wengi ni kwamba ujuzi wake una masharti ya kimaadili. Anajua, ila hana ruhusa ya kutenda. Kiapo chake kwa hiyo si pambo la maudhui. Ni nguzo ya muundo. Maadamu msimulizi haingilii, ulimwengu wa kila kipindi unabaki umefungwa, na makosa ya wahusika yanabaki kuwa makosa.

Daraja za Juu

Kwa mujibu wa kigezo hiki, nafasi ya kwanza inastahiki kipindi cha nne cha msimu wa kwanza, kilichotolewa Septemba 2021, kinachomhusu Doctor Strange. Katika filamu ya mwaka 2016, ajali ya gari inamharibia Strange mikono. Katika kipindi hiki ajali hiyohiyo inamuua mpenzi wake, Christine Palmer. Strange anajifunza uganga wa kuurudisha wakati nyuma na anajaribu mara kadhaa kumwokoa, lakini kila njia inaishia katika mauti. Anaelezwa kwamba kifo hicho ni nukta isiyobadilika, kwani bila ya msiba huo yeye mwenyewe asingekuwa mganga. Hasikii. Anawameza viumbe wa kichawi ili ajiongezee nguvu, anapigana na nafsi yake nyingine iliyokubali msiba, anaishinda, na ulimwengu mzima unaporomoka. Christine, aliyerejeshwa kwa sekunde chache, anayeyuka mikononi mwake.

Ubora wa kipindi hiki unatokana na kwamba mhusika mkuu anapambana na -ngali- yenyewe. Strange ni mtu asiyekubali kwamba sharti limekwisha kupita. Zaidi ya hayo, anapomwona Mtazamaji na kumsihi amsaidie, Mtazamaji anakiri kwamba hawezi. Hapa fani na maudhui vinakutana: sheria ya msimulizi na sheria ya ulimwengu ni moja. Majuto ni mjukuu, na katika kisa hiki mjukuu anakuja wakati hakuna tena nyumba ya kumpokelea.

Nafasi ya pili inakwenda kwa kipindi cha sita cha msimu wa pili, kilichotolewa Desemba 2023, kinachomhusu Kahhori, mhusika aliyebuniwa mahsusi kwa mfululizo huu. Jiwe la ajabu linaanguka katika ziwa kwenye nchi ya Wahaudenosaunee. Wahispania wanapovamia, Kahhori anapigwa risasi, anatumbukia ziwani, anafika katika ulimwengu mwingine na kurejea akiwa na nguvu za kuwashinda. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni ya Kimohawk, na watayarishaji waliwashirikisha wataalamu wa jamii hiyo katika masuala ya lugha na historia.

Yamkini msomaji atauliza: kipindi kinachoishia kwa ushindi kinawezaje kuwa cha -ngali-? Jibu ni kwamba mlango uliofungwa hapa hauko ndani ya kisa bali nje yake. Mtazamaji wa kipindi anajua kwamba jiwe halikuanguka na kwamba uvamizi wa Wazungu haukuzuiliwa. Kila tukio la furaha kwenye skrini lina kivuli cha tukio halisi lililokuwa kinyume chake. Hii ni kinaya kwa maana yake pana kabisa. Kasoro ipo: simulizi ya chemchemi ya ujana, inayowavuta Wahispania katika kisa hiki, kwa desturi inafungamanishwa na Florida, mbali kusini mwa nchi ya Wahaudenosaunee katika eneo la New York ya leo. Kipindi kinachodai kuisahihisha historia kingepaswa kuiheshimu jiografia yake. Kasoro hiyo ndiyo inayokizuia kushika nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tatu ni ya kipindi ambamo Killmonger anamwokoa Tony Stark dhidi ya shambulio nchini Afghanistan. Uokovu huo unaonekana kuwa hisani, kumbe ni mtego. Stark asiyetekwa ni Stark asiyepata funzo. Anabaki kuwa muuza silaha, na hatimaye anauawa na aliyemwokoa. Marekani na Wakanda zinasukumwa vitani, huku Killmonger akipokelewa kama shujaa na wale aliowafisha mwana wao. Kipindi hakitoi suluhu. Kinakomea pale Shuri na Pepper Potts wanapokutana. Uketo wake umo katika wazo kwamba balaa linaweza kuwa mwalimu, na kwamba kumwondolea mtu balaa ni kumnyima elimu.

Ya nne ni hadithi ya T'Challa aliyechukuliwa na maharamia wa angani badala ya Peter Quill. Kisa chenyewe ni chepesi: T'Challa anamshawishi hata Thanos, kwa hoja tu, aache mpango wake wa kuangamiza nusu ya viumbe. Lakini sauti ni ya Chadwick Boseman, aliyefariki Agosti 2020, takriban mwaka mmoja kabla ya kipindi kutolewa. Mwaka 2022 alitunukiwa tuzo ya Emmy kwa uigizaji huo, akiwa marehemu. Swali la ingalikuwaje linaloulizwa kuhusu mhusika linageuka kuwa swali kuhusu mwigizaji, na hakuna mtunzi aliyelipanga.

Daraja za Chini

Kipindi cha kwanza, ambamo Peggy Carter anapewa dawa ya nguvu badala ya Steve Rogers, kinasifiwa sana, na usawiri wa Carter ni wa kupendeza. Hata hivyo, kinafuata takriban hatua kwa hatua msuko wa filamu ya mwaka 2011. Mwigizaji wa tendo amebadilika, tendo halikubadilika. Kipindi cha Thor aliyelelewa bila ndugu, anayeigeuza dunia uwanja wa karamu, ni kichekesho kinachofanikiwa kama kichekesho, lakini uharibifu wote unafagiliwa kabla mama hajafika. Hiyo ni -nge- tupu.

Chini kabisa, kinyume na mazoea ya wengi, yanafaa kuwekwa mahitimisho mawili ya misimu ya mwanzo. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, Ultron anaanza kuziangamiza dunia zote, na Mtazamaji anavunja kiapo: anawakusanya Carter, T'Challa, Killmonger, Strange na wengine kutoka katika visa vyao ili wapigane pamoja. Mwishoni mwa msimu wa pili, Strange anajitoa mhanga na ulimwengu wake ulioporomoka unarejeshwa, yeye akiwa hayumo. Kwa tendo hilo moja, kipindi bora kuliko vyote kinanyang'anywa nguvu yake baada ya miaka miwili. Nukta iliyotangazwa kutobadilika imebadilika. Msimu wa tatu, wa Desemba 2024, ulimwandama Mtazamaji kwa kosa la kuvunja kiapo, lakini hukumu hiyo ilichelewa. Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba kigezo hiki kinapendelea tanzia na kuidhulumu ramsa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini nafasi za Kahhori na T'Challa zinalijibu: furaha haikukataliwa, kilichokataliwa ni furaha isiyo na gharama. Inaweza pia kudaiwa kwamba mahitimisho yanavipa visa vilivyotawanyika umoja. Kweli, lakini umoja wa mkusanyiko wa visa huru hautokani na wahusika kukutana. Unatokana na swali moja kuulizwa kwa namna mbalimbali. Diwani haihitaji beti zake za mwisho ziyakutanishe mashairi yote vitani.

Hitimisho

Historia ya utanzu huu, tangu Superman aliyekufa mwaka 1961 hadi Strange aliyerejeshewa ulimwengu mwaka 2023, ni historia ya watunzi waliopewa uhuru wa kufunga mlango na wenye mali waliotamani ubaki wazi. Upangaji wa daraja, ukifanywa kwa kigezo kilichotajwa, unaweza kuonyesha mahali ambapo upande mmoja ulishinda. Anayekipinga kigezo hiki atalazimika kutaja chake, na hapo ndipo uhakiki utakapoanza. Kwa mfululizo huu, ushahidi unaelekea upande mmoja: ulikuwa mkubwa pale ulipokubali kwamba yapo mambo ambayo yangalikuwa, na hayatakuwa.