Leseni Iliyokataa Wageni

Tarehe 28 Mei 1964 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia saini sheria iliyoasisiwa na hasimu wake, Seneta Barry Goldwater wa Arizona. Novemba mwaka huohuo wawili hao walipambana katika uchaguzi wa urais, na Johnson akashinda kwa kishindo. Sheria yenyewe haikugusa kodi wala majeshi. Iliwahusu watu wa redio ya ridhaa, wanaojenga mitambo nyumbani na kuzungumza na wenzao wa ng'ambo bila kutafuta faida.

Goldwater alikuwa mmoja wao. Alianza akiwa kijana mjini Phoenix, na baadaye hewani alifahamika kwa alama ya K7UGA. Kero aliyoishughulikia ilitokana na Sheria ya Mawasiliano ya 1934, iliyotoa leseni za vituo kwa raia pekee. Mhandisi Mjerumani aliyefaulu mtihani kwao, akihamia Marekani, alibaki kusikiliza tu. Wakanada walipata nafuu mwaka 1952 kwa mkataba wao, wengine walisubiri.

Hofu ya wageni ilikuwa na chanzo. Vita vilipozuka mwaka 1914, Uingereza ilifunga vituo vya ridhaa, na Marekani ikafanya vivyo hivyo mwaka 1917. Mgeni mwenye kisambazaji alidhaniwa jasusi. Vitani, tahadhari hiyo inaeleweka. Lakini kuiendeleza wakati wa amani kulikuwa kuwaonea watu waliokatazwa kutumia lugha ya siri, ambao mazungumzo yao yangeweza kusikilizwa na yeyote mwenye kipokezi.

Sheria ya 1964 ilifuata kanuni ya nipe nikupe: nchi iliyowaruhusu Wamarekani kuendesha vituo vyao kwake, raia wake nao wangeruhusiwa Marekani.

Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1985 mamlaka za posta na simu za bara hilo zilikubaliana kwamba msafiri atumie leseni ya kwao kwa muda usiozidi miezi mitatu, bila kuomba nyingine. Mjerumani akiwa Ufaransa hutanguliza tu herufi F kwenye alama yake. Kwa wanaohamia moja kwa moja, mwaka 1990 ulikuja utaratibu wa kutambuliana vyeti vya mitihani. Marekani ilijiunga na mpango wa wasafiri mwaka 1999. Kisha mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio, uliofanyika Geneva mwaka 2003, ukaziachia nchi uamuzi wa kudai msimbo wa Morse au kuuacha, mtihani uliokuwa umewakwamisha wengi.

Leo Mtanzania anayeishi Texas anaweza kufanya mtihani wa Marekani bila kuwa raia. Wanaozuiwa ni wawakilishi wa serikali za kigeni. Anahitaji anwani ya posta ya huko, na wasimamizi wa mtihani ni wanaredio wenzake wanaojitolea, utaratibu ulioanza mwaka 1984. Akifaulu hupewa alama ya Kimarekani. Akisikika Dar es Salaam, huhesabiwa kituo cha Marekani, kwa kuwa 5H ni alama ya vituo vilivyosajiliwa Tanzania, kama 5Z ilivyo ya Kenya.