Yannis Makriyannis

Yannis Makriyannis (1797 – 27 Aprili 1864) alikuwa mfanyabiashara wa Kigiriki aliyegeuka mpiganaji, na baadaye mwandishi. Alizaliwa katika familia fukara huko Avoriti, akatajirika kwa biashara mjini Arta. Mwaka 1820 alijiunga na Filiki Eteria, chama cha siri kilichopanga kuung'oa utawala wa Waturuki. Alijeruhiwa mara kadhaa katika vita vya uhuru vilivyofuata, ikiwemo huko Lerna mwaka 1825, Wagiriki walipozuia jeshi la Ibrahim Pasha kutoka Misri.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, imetokana na kalamu. Hakuwa amesoma, alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, na mwaka 1829 alianza *Kumbukumbu* zake mjini Argos kwa Kigiriki cha mtaani, bila kufuata tahajia. Alimwajiri pia Panagiotis Zografos achore picha za vita hivyo.

Alikuwa miongoni mwa vinara wa uasi wa Septemba 1843 uliomlazimisha Mfalme Otto wa Ugiriki kukubali katiba. Mwaka 1853 alihukumiwa kifo kwa njama dhidi ya mfalme huyo, lakini akaachiliwa mwaka uliofuata. Yannis Vlachogiannis alichapisha *Kumbukumbu* mwaka 1907. Mshairi Giorgos Seferis aliziona kuwa miongoni mwa nathari bora za Kigiriki.