Padre Hafundishwi na Kitabu Peke Yake

Kwanza nakuuliza swali moja: mtu hufundishwaje hata aweze kuongoza kanisa la kijijini? Utajibu, “Hupelekwa chuoni.” Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Sikiliza habari za Cecil Majaliwa, upate nusu ya pili.

Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya Waingereza iliyoitwa UMCA alifika Unguja. Sultani Majid akampa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni hapo. Baadaye chuo kikajengwa Kiungani, nje ya mji. Mmoja wa wale watano, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Fikiri, ndugu yangu: watoto waliokuwa wakipelekwa kuuzwa ndio waliofundishwa kuongoza watu.

Majaliwa naye alikuwa Myao aliyetekwa utotoni. Aliokolewa, akalelewa na kufundishwa na misheni huko Unguja. Kisha akapelekwa Uingereza, akasoma katika chuo cha St Augustine's, Canterbury. Kwa elimu ya vitabu hakupungukiwa.

Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akapelekwa Chitangali, upande wa Newala, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Mkuu wa hapo alikuwa Barnaba Nakaam, Myao kama yeye. Majaliwa hakuwa na Mzungu wa kumwelekeza kila siku. Aliishi na watu wa kijiji, akawafundisha na kuwahubiri.

Hapa yakupasa kujua tofauti ya shemasi na padre. Shemasi huhubiri, hufundisha, na huweza kubatiza. Lakini hawezi kuadhimisha Ushirika Mtakatifu. Hiyo ni kazi ya padre. Basi Majaliwa alikaa miaka minne akiwa shemasi, akiyafanya yale aliyopewa na kungojea mengine. Miaka minne hiyo ndiyo nusu ya pili ya jibu letu. Kitabu humfundisha mwanafunzi maneno ya kumwambia mgonjwa. Lakini kumjua mgonjwa, jina lake, mlango wake na ugomvi wake na jirani, hilo hufundishwa na kijiji.

Mwaka 1890 Askofu Smythies akampa upadre. Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza kuwa padre katika misheni ile. Akaendelea na kazi Chitangali mpaka mwaka 1897, aliporudishwa Unguja. Kijiji kilichomzoea kwa miaka 11 kikabaki bila yeye.

Je, kosa ni la nani kiongozi akiondoka na kazi ikalegea? Mara nyingi twamlaumu aliyeondoka, au waliomhamisha. Lakini kiongozi mmoja ni kama nguzo moja ya nyumba: ikiondolewa, paa hulala chini. Afundishwaye uongozi hana budi kufundisha wengine tangu siku ya kwanza, wala asingoje siku ya kuaga.

Hata leo vyuo vipo. Huko huko kusini, Rondo katika Mkoa wa Lindi, kipo chuo cha St Cyprian's kinachofundisha mapadre wa Kianglikana. Mwanafunzi wa chuo kama hicho akiletwa katika kanisa lako, usimcheke akikosea mahubiri. Mchukue umwonyeshe njia ya kwenda kwa wajane na wagonjwa. Mwambie kweli kwa adabu. Wewe nawe, hata kama umeanza kusoma mwaka huu, ni mwalimu wake.

Sasa zungumzeni darasani maswali haya:

1. Shemasi hutofautianaje na padre?
2. Majaliwa alijifunza nini Chitangali ambacho hakikuwamo vitabuni?
3. Kiongozi wenu akihamishwa kesho, ni nani aliyekwisha fundishwa kushika kazi yake?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.