Uvimbe Juu ya Figo na Hila za Mimba

Mwaka 1954, mjini Ann Arbor nchini Marekani, daktari Jerome Conn alimchunguza mwanamke wa miaka 34 mwenye presha ya juu, misuli iliyolegea na upungufu mkubwa wa potasiamu katika damu. Chanzo kilikuwa uvimbe katika tezi ya adrenali, juu ya figo, uliokuwa ukimwaga aldosteroni, homoni inayoufanya mwili uzuie chumvi. Ulipokatwa, mama yule akapata nafuu. Ugonjwa huo umebeba jina la Conn hadi leo, lakini kwa wajawazito umechelewa mno kueleweka. Naamini kosa lilikuwa kuiona mimba kama hali tu aliyonayo mgonjwa, ilhali mimba yenyewe huichezea tezi ile.

Kondo la nyuma hutoa projesteroni kwa wingi, na tangu miaka ya 1950 ilijulikana kwamba projesteroni huizuia aldosteroni isifanye kazi yake kwenye figo. Ndiyo maana baadhi ya wanawake wenye uvimbe huu presha yao hushuka wakiwa wajawazito, kisha hupanda ghafla baada ya kujifungua, kondo likishatoka. Wengine huwa kinyume kabisa. Mwaka 2015 kundi la Morris Brown, Uingereza, lilieleza habari za wanawake watatu, wawili wajawazito na mmoja aliyekwisha koma hedhi, ambao uvimbe wao ulikuwa na hitilafu katika jeni ya CTNNB1. Seli zake zilijaa vipokezi vya homoni ambavyo kwa kawaida hupatikana kwenye ovari, vikiwemo vinavyopokea homoni ileile inayosomwa na kipimo cha mimba. Mimba ilikuwa ikiuchochea uvimbe moja kwa moja.

Wapo waliosema wanawake watatu ni wachache mno, na kwamba hitilafu hiyo imeonekana hata kwa wasio wajawazito. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na jibu lilikuja mwaka 2021: katika uvimbe wa aina hii ilipatikana hitilafu ya pili, kwenye jeni ya GNA11 au GNAQ, na zote mbili zikikutana ndipo vipokezi hivyo huongezeka. Wengine husema ugonjwa huu hugunduliwa mara chache kwa wajawazito, na presha ya mjamzito mara nyingi ni dalili ya kifafa cha mimba. Ni kweli, wala sidai kila mama apimwe. Lakini kifafa cha mimba kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20. Mama ambaye presha yake ilipanda kabla ya hapo, au mwenye potasiamu ya chini, au ambaye presha haikushuka wiki kadhaa baada ya kujifungua, anastahili kuchunguzwa tezi za adrenali kabla hajabeba mimba nyingine.